Majina Kumi na Mawili

S.L.P. 61,
Timau.
14 Julai, 1996.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, wewe na Mama na wote mlio hapo nyumbani. Natumaini baridi ya Julai haijawashinda. Huku upepo wa mlimani unaingia mpaka kwenye mifupa nami nalala na sweta mbili, lakini ni mzima, na hamu ya kula haijapungua hata kidogo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie aache kwenda kuchuma kahawa kukiwa na umande. Kahawa haina miguu, itamngoja jua litoke. Na Kabura, ambaye nasikia anashona sare za shule hapo Nyeri mjini, mwambie dada yake amefurahi, na kwamba asiponiandikia nitakuja kumvuta masikio mbele ya wateja wake.

Barua yako ya tarehe mbili nimeipata. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma nikilia, si kwa huzuni, Baba, kwa hasira. Umeandika kwa mwandiko wako uleule wa karani wa serikali, kila mstari umenyooka. Umenieleza kwamba Bwana Muchangi, ofisa wa wafanyakazi wa shamba la maua, alifunga safari mpaka kwetu na mkate, kilo mbili za sukari na kalenda ya kampuni, akanywa chai ya Mama, akasema mimi ni mfanyakazi mzuri niliyepotoshwa na watu wabaya. Kisha akakuachia karatasi ya kuomba msamaha unitumie, nikiitia sahihi nirudishiwe kazi. Nawe ukamalizia kwa kunikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nakuheshimu, Baba. Wewe ndiye uliyenisomesha mpaka kidato cha nne wakati majirani walikucheka kwamba unapoteza karo kwa msichana. Lakini karatasi ile sitaitia sahihi. Nakwambia mapema ili usisome barua hii yote ukitumaini. Sababu nitakueleza, pamoja na jambo moja ambalo Muchangi hakukwambia na ambalo mimi pia nilikuficha.

Sijui kama alikueleza kazi yangu ilikuwa nini. Pale tuna nyumba kubwa za plastiki, na waridi zimepandwa ndani yake mstari kwa mstari. Dawa ya wadudu ikishapigwa ndani, mimi ndiye niliyekuwa natundika bendera nyekundu mlangoni na kuandika saa ubaoni kwa chaki, na hakuna mtu kuingia mpaka saa hizo ziishe na bendera ishuke. Ni kazi ndogo, hata kuku angefundishwa. Lakini mapafu ya wanawake themanini yalikuwa yanaitegemea.

Februari watu wa ng'ambo huwa na siku yao ya wapendanao, na ndege ya kubeba waridi haingoji mtu. Siku moja dawa ilikuwa imepigwa, na ubao ulisema watu wangoje kwa saa kumi na mbili. Saa mbili tu zikapita, Muchangi akaja na koti lake la suti, akasimama mbali na harufu. Akaniambia, "Wewe Watiri, hiyo bendera yako inapendana na nani? Ati unataka ndege ikungoje? Toa, watu waingie." Nikaitoa. Hakunishika mkono, niliitoa mwenyewe. Majani yalikuwa bado yanadondoka dawa. Rafiki yangu Ntinyari, mwanamke wa hukuhuku Timau, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alianguka katikati ya mistari, wakamtoa juu ya mkokoteni wa maua, kati ya ndoo. Yeye alipona. Mtoto hakubaki.

Kampuni ilimpa wiki moja ya kupumzika na shada la waridi zilizokataliwa kwa kuwa zimepinda.

Mwezi wa tatu Muchangi aliponiambia tena nishushe bendera kabla ya saa yake, nilijifunga bendera hiyo kiunoni kama leso, nikasimama mlangoni, nikamwambia aje aifungue mwenyewe. Wanawake wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuuma kuliko maneno yangu. Kesho yake nikapelekwa kuosha ndoo.

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza. Unajua mkutano wa watu wengi unataka leseni ya D.O., mkuu wa tarafa, na leseni hiyo tusingepewa hata tungepiga magoti. Lakini sisi tulikuwa na kikundi chetu cha ngwatio, wanawake kumi na watatu, Wameru na Wakikuyu. Kila Jumamosi tukitoka kazini tunaenda shamba la mmoja wetu, tunapanga mstari mmoja, tunapalilia mpaka jioni, na mwenye shamba anapika. Jumamosi nyingine, zamu ya mwingine. Sijasikia bado mtu aliyeombwa leseni ya kupalilia viazi. Basi tulizungumza tumeinama, majembe yakienda, na tukifika mwisho wa shamba neno limekwisha kuamuliwa.

Tuliamua kuandika malalamiko kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Mimi nilitunga maneno, maana ni binti wa karani. Kathure, mwenzetu aliye karani katika ofisi ya shamba, aliyapiga taipu saa ya chakula, mlango umefungwa. Tukatia majina kumi na mawili na namba za vitambulisho. Jina la Kathure tukaliacha nje kwa makusudi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa karibu na simba, na tuliona tumkinge. Tukakubaliana kwamba mimi nitaibeba barua hiyo kwa mkono wangu moja kwa moja hadi ofisi ya kazi, na nisiionyeshe mtu mwingine yeyote duniani.

Alhamisi, tarehe ishirini na tatu Mei, king'ora kililia saa nne tukaitwa sote kwenye banda la kufungia maua. Muchangi akapanda juu ya kreti akiwa na karatasi mkononi, akasoma majina yetu kumi na mawili, moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule tuliotia sahihi. Mimi, Ntinyari na Murugi, tuliokuwa juu kwenye orodha, tukafukuzwa hapohapo. Tisa waliobaki wakapewa barua za onyo na kuambiwa kosa la pili watatufuata. Nilipofika kwenye nyumba za wafanyakazi nikakuta askari wa kampuni ameshaweka godoro langu nje, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilizunguka mashamba matatu ya maua kutafuta kazi. Kote niliulizwa jina, kote mtu akaingia ndani na jina langu, akatoka na jibu kwamba nafasi zimejaa, na mlangoni tangazo la kutafuta wafanyakazi likipepea. Ntinyari, ambaye nilimshushia bendera, ndiye aliyenipa pa kulala. Bado niko kwake.

Sasa wanawake wakaanza kuuliza nani alitoa majina. Halikuwa swali gumu kwao. Kila mtu ameumia isipokuwa Kathure. Kathure ndiye aliyeshika karatasi. Kathure anakaa ofisini, anakunywa chai ya maziwa. Ntinyari akasema kikulacho ki nguoni mwako, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimu. Aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la baba yake, watu wakaendelea na njia zao.

Jumamosi ya pili ya Juni ilikuwa zamu ya shamba lake. Baba, wewe unajua maana ya kumwacha mtu peke yake siku ya zamu yake. Ni afadhali umtukane. Alikuwa amepika muthokoi wa mahindi na viazi kwenye sufuria kubwa ya kuazima kanisani, chakula cha watu kumi na wawili, na ametandika magunia ya kukalia. Nilipita barabara ya juu nikijifanya naenda dukani. Nikamwona amekaa kando ya sufuria iliyofunikwa, jembe mapajani, anaangalia njia. Saa kumi, nikirudi, bado alikuwa anaangalia njia. Sikushuka.

Katikati ya hayo ndipo barua yako ilifika na karatasi ya Muchangi ndani yake. Sijui kama uliisoma vizuri au uliona tu chapa nzuri na nembo ya kampuni. Haisemi tu kwamba naomba msamaha. Inasema malalamiko yetu yalikuwa ya uongo, na kwamba yaliandikwa na karani wa ofisi ambaye jina lake ni, kisha wameacha nafasi tupu ya mimi kujaza. Walikuwa wanamshuku mtu wa taipureta lakini hawana shahidi. Walitaka niwe mimi. Niandike neno moja tu, Kathure, nirudi kwenye kazi yangu, na hakuna hata mwanamke mmoja Timau ambaye angenilaumu. Wangesema msaliti amepata malipo yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi, Baba, na nakiri usiku mmoja niliishika kalamu.

Alhamisi hii iliyopita ofisa wa kazi alituita. Ndiyo, malalamiko yalimfikia, niliyapeleka mwenyewe nilipofukuzwa, na yalimchukua wiki saba kuyasoma. Ni kijana mpole, anapiga chafya kila akifungua faili. Chifu wa lokesheni yetu alikuwepo, kofia magotini. Muchangi alikuwepo na wakili kutoka mjini. Nyuma yake, akiwa amebeba mafaili ya kampuni, alikaa Kathure, maana ni karani na aliamriwa aje. Wanawake wetu walijaa kwenye benchi la nyuma.

Muchangi akatoa nakala nyingine ya ile karatasi, akaisukuma mbele yangu na kalamu juu yake. Akaeleza kwamba kampuni haina kinyongo, inamtaka tu yule aliyewachochea mama hawa. Ofisa naye akaniuliza nani alipiga taipu. Nyuma yangu nilimsikia Ntinyari akinong'ona, "Mtaje, Watiri. Si ako hapo tu." Nikamwangalia Kathure. Alikuwa ameshikilia mafaili kifuani na hakuniomba chochote, hata kwa macho. Nadhani alikuwa amekwisha kutukatia tamaa sote.

Nikasema kwamba maneno yalikuwa yangu yote, nukta na mkato, na aliyepiga taipu hakuongeza hata herufi, kwa hiyo jina lake halina kazi hapa. Wakili akacheka kidogo, akauliza kwa nini nawalinda watu ambao, kama wanavyosema wenzangu wenyewe, walitoa majina ya wenzao.

Sasa Baba, nifike kwenye lile nililokuficha.

Majina yale yalitoka kwangu. Tulikubaliana niende ofisi ya kazi moja kwa moja, nami nilitoka nyumbani Jumanne ile nikiwa na nia hiyo hasa. Lakini njiani nilikuwa nasikia sauti yako. Tangu tukiwa wadogo, ukirudi jioni kutoka ofisi ya D.O., umetwambia kwamba barua isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia sukari, na kwamba mtu mwenye adabu haendi kwa mkubwa bila kupitia kwa chifu wake. Nikaona aibu kumpelekea ofisa wa wilaya karatasi tupu kama ya mtu asiyelelewa. Nikakata kona nikaingia kwa chifu kuomba muhuri. Akanipokea vizuri sana. Akasema muhuri umebaki nyumbani, niiache barua, nije kesho. Nikaiacha. Jumatano akanirudishia, muhuri wa zambarau umekaa chini vizuri, nami nikafurahi kama mjinga. Alhamisi asubuhi Muchangi alipopanda kwenye kreti, barua yetu ilikuwa bado kwenye kikapu changu chini ya kitanda, haijafika kwa ofisa yeyote. Na karatasi aliyoshika ilikuwa nakala ya mashine, na chini yake, hata kutoka nilipokuwa nimesimama, niliuona muhuri ule wa mviringo.

Nilijua saa ileile. Na kwa wiki saba sikusema. Niliwaacha wamsulubu Kathure nami nikala chakula cha Ntinyari. Niliogopa wanawake wale kuliko nilivyomwogopa Muchangi, huo ndio ukweli, na naona aibu kuuandika.

Basi nikasimama mbele yao wote nikasema hivyo hivyo nilivyokwambia. Nikamwambia chifu, na sijawahi kusema na mkubwa namna hiyo, kwamba nilimpa barua aitie muhuri, sikumpa aitembeze. Chifu akageuza kofia yake upande wa pili. Ofisa akapiga chafya, akaeleza kwa upole kwamba hata hivyo utaratibu ni malalamiko kupitia kwa chifu, na kwamba hakuna kanuni inayomkataza mwajiri kujua nani anamlalamikia. Nikamwuliza sera ya serikali inasemaje kuhusu watu kama sisi. Akasema sera anayoijua ni ya kuwavutia wawekezaji, na ya kumkinga mfanyakazi anayesema bado hajaiona. Nikamwambia basi aiandike ili aione. Aandike kwamba kampuni ikilalamikiwa, majina ya waliosema yafungiwe kabatini na ufunguo abaki nao yeye. Aandike kwamba mtu hafukuzwi wala kutupiwa godoro kwenye mvua kabla malalamiko yake hayajasikizwa, na kwamba jina lake lisipelekwe kwa mashamba mengine kama la mwizi wa kuku. Na mambo hayo yasipitie kwa chifu hata kidogo. Aliandika, Baba. Nikamwomba anisomee alichoandika, na alikuwa ameruka lile la chifu, nikasimama hapo mpaka akaliongeza. Akasema atapeleka Nairobi lakini hawezi kuahidi. Muchangi akachukua karatasi yake, safi kama alivyoileta, na kazi yangu akaenda nayo.

Wanawake walitoka bila kunisemesha. Ntinyari alinipita mlangoni, akasema nyumba yake bado iko wazi kwangu, lakini nisimwongeleshe mpaka yeye aanze. Hajaanza. Tunapika jiko moja, tunapitishiana chumvi kama mabubu, na ni haki yake.

Jana, Jumamosi, nilichukua jembe nikaenda kwa Kathure. Haikuwa zamu ya mtu. Nilimkuta ndani ya viazi vyake, magugu yamefika magotini kwa kuwa hakuna aliyemsaidia msimu mzima. Nikamwambia nimekuja. Akanyoosha mkono kunionyesha pembe ya chini, kule kwenye magugu ya sangari tupu, mahali ambapo hata ng'ombe hapataki. Nikashuka huko nikaanza. Hakuja karibu nami, na chakula hakupika. Jioni nilipokuwa nasafisha jembe aliniambia kwamba sijamaliza hata robo. Nitarudi Jumamosi, na nyingine, mpaka shamba liishe. Murugi amesema huenda akaja.

Ndivyo mambo yalivyo. Unaona basi, Baba, kwamba la mkuu nililisikia. Nililisikia kuliko binti zako wote, na guu likavunjika vilevile. Sikulaumu. Wewe ulitufundisha kuiheshimu serikali ukiamini nayo itatuheshimu, na umeitumikia miaka thelathini kwa mikono safi. Lakini nimejifunza kwa gharama ya watu wengine, na sitaki uniambie tena nipitie kwa fulani wala nimwombe fulani msamaha. Malalamiko mapya nimeshaanza kuyaandika. Safari hii yanakwenda kwa posta, na atakayetia jina ni mimi peke yangu. Jana nikiondoka nilimwambia Kathure hivyo, naye akakataa kuachwa nje, tukagombana juu ya hilo.

Msalimie Mama sana, umwambie nakula. Msalimie Kabura na watoto wake, Ben na Shiro, na wote wa kanisani watakaoniulizia. Mkate wa Muchangi najua mmeshakula, sukari nayo malizeni, haina kosa. Nikipata kazi nitakuja Desemba, na nisipoipata nitakuja vilevile.

Na kampuni ikituma tena mtu hapo nyumbani kuuliza binti yako ni mtu wa namna gani, usimfiche wala usimwombee radhi. Mkaribishe, mpe kiti, umtajie jina langu lote. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa, nalo ni la mama yako mzazi, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mama huyo alimwogopa mtu.

Ni mimi binti yako,

Watiri wa Simeon.